Masurufu Yasiyotaka Jiko

Katika nchi ya Usukuma, tangu mbuga za Shinyanga hadi vilima vya Geita ambako ardhi imetobolewa maduara ya wachimba dhahabu kila upande, liko suala lizungumzwalo kila wanapokutana watu wenye safari, nalo ni hili: mtu aendaye porini kwa miguu, shanta ikiwa mgongoni na siku ya marejeo yake haijulikani, je, yampasa achukue sufuria na jiko ili apike kila alalapo, au yamtosha kubeba masurufu yaliyo tayari, yasiyodai moto wala kuni wala kungojewa? Akaaye mjini, ambaye mkahawa uko mkono wa kulia na duka mkono wa kushoto, aweza kudhani kwamba hili ni jambo la kupitishia wakati tu. Lakini aliyekwisha kuona jinsi rashi inavyoanza, habari inapovuma kwamba mahali fulani pameonekana dhahabu, na pori ambalo juzi lilikuwa la wachunga ng'ombe likajaa vijana na maturubali yao kabla ya kisima kuchimbwa wala choo kujengwa, atafahamu kwamba katika siku zile za kwanza afya ya mtu hutegemea kile alichokitia katika shanta siku alipoaga nyumbani.

Nimewaita basi wasemaji watano katika mdahalo huu. Sikuwapa majina, kwa kuwa kila mmoja wao asimama badala ya wengi wasemao maneno ya namna hiyo katika stendi ya Kahama, katika vibanda vya Katoro na kando ya njia iendayo Nyarugusu. Wala sikusudii kuuficha upande wangu. Naona kijana ana haki ya kuliacha jiko, ila hoja anayoitoa yeye siyo ile impayo haki hiyo. Hoja yenyewe imo kinywani mwa mtu mwingine, ambaye kwa desturi ya mabaraza yetu hupewa nafasi ya kusema wengine wakiisha kuchoka.

MCHIMBAJI: Wazee wangu, shikamooni. Mimi hutoka kwetu na shanta moja, na ndani yake mna blanketi, tochi, nyundo na moko, nguo ya kubadili na simu. Kila kilo niiongezayo juu ya hivyo naibeba mwenyewe, maana pikipiki hufika pale njia inapokoma, na kilichobaki ni miguu. Jiko, wazee wangu, halisafiri peke yake. Ukibeba jiko umebeba na mkaa au mtungi wa gesi. Ukibeba sufuria umejilazimisha kubeba unga. Unga nao wadai maji, na maji yadai dumu. Na ukiisha kuwa na vyote hivyo umekuwa mwenye nyumba, ilhali ulitoka ukiwa msafiri. Tena nikiteremshwa kwa winchi katika duara sipandi mpaka zamu yangu iishe, na kule chini hakuna awashaye moto, kwani moshi hauna pa kutokea na hewa yenyewe ni ya kugawana. Karanga naweza kuzila nikiwa nimechuchumaa kati ya nguzo za matimba, tochi ikiwa kichwani. Ugali siwezi.

MAMA NTILIE: Karanga gani, mwanangu? Mbona mimi nikifagia asubuhi mbele ya kibanda naokota karatasi za biskuti na chupa za vinywaji vya kuongeza nguvu, wala sioni ganda la karanga hata moja? Sema kweli mbele ya wazee. Mnateremka na sukari tupu tumboni, mchana haujafika mikono inatetemeka, na jioni mnaletwa kwangu mmeshikwa mabega. Mimi naamka saa kumi za alfajiri, nayakuta maharage niliyoyaloweka tangu jana, nayabandika juu ya mafiga, napika wali, nakaanga dagaa, na mtu akija namtilia chakula ambacho mvuke wake unapanda mbele ya macho yake. Moto ndio unaomlinda. Kipindupindu kikiingia kambini, hata wale waliokuwa wakinibishia bei huja mbio kuuliza kama chai imechemka. Wala usilisahau daftari langu: ni nani mwingine atakayekulisha mwezi mzima kwa kuandika jina lako tu, akingoja mawe yako yasagwe kwenye karasha? Shanta yako haikopeshi.

Neno hili la daftari halifai kupitwa kwa haraka. Machimboni chakula si riziki ya siku tu, bali ni sehemu ya mapatano: mwenye duara au mfadhili wake ndiye atoaye unga, maharage, dagaa na dawa kwa muda wote wa kuchimba, na wale wanaochimba hawapokei ujira wa kila siku bali hungoja mgawo wa mawe utakapopatikana. Kwa hiyo mtu aulizapo mchimbaji ale nini, ameuliza pia ni nani alipaye, na jibu la swali hilo la pili ndilo liamualo la kwanza mara nyingi kuliko afya au desturi. Tutalirudia. Hebu kwanza tumsikilize mzee aliyekuwa akiinua kidole tangu mwanzo.

MWALIMU MSTAAFU: Mimi asili yangu ni Pangani, lakini nimefundisha Shinyanga hata nikaifanya kuwa kwetu, nami napenda tuwakumbuke waliotembea nchi hii kabla ya pikipiki. Katika karne ya kumi na tisa watu wa Unyamwezi na Usukuma waliteremka pwani kwa maelfu, kila mmoja na mzigo wa ratili 60 au 70 begani, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, safari ya miezi. Mama hapa atafurahi nikisema kwamba walipika. Desturi yao ilikuwa kuondoka alfajiri, kufika kambini kabla jua halijawa kali, kisha kujigawa makundi madogo, kila kundi na chungu chake. Lakini kulikuwa na nchi zisizo na maji, na iliyoogopwa kupita zote ni Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, pori la miiba lililowamaliza watu na punda. Huko msafara ulifanya terekeza, neno ambalo hata Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, ameliweka katika kitabu chake: walikaa kwenye maji ya mwisho mpaka mchana, wakapika na kula, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua likianza kupunga, wakalala mahali pasipo na tone, na kesho yake wakayakimbilia maji mengine. Usiku ule hapakuwa na kupika. Aliyekuwa na kiporo alikula kiporo, na asiye nacho alilala. Kwa hiyo hao mabingwa wa safari hawakuwa upande wa sufuria wala upande wa shanta. Walijua siku ipi ni ya sufuria na siku ipi si yake.

MCHIMBAJI: Mwalimu, kwetu sisi kila siku ni terekeza. Nanyi mnakumbuka yale ya Nyangalata, huko Kahama, mwaka 2015, duara lilipowafukia wenzetu mwezi wa Oktoba, watu wakakata tamaa, kisha watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Waliishi kwa mizizi, mende na vyura na maji machafu yaliyokuwa yakidondoka. Tangu siku ile mimi sishuki mfuko wangu ukiwa mtupu.

Hapakuwa na wa kumjibu kwa upesi, na mimi pia sina la kuongeza ila hili, kwamba ajali ile haiwezi kuwa kipimo cha mlo wa kila siku, kwa kuwa hakuna shanta iwezayo kumlisha mtu siku 41. Lakini hofu ya kijana ni ya haki, na mtu mwenye hofu ya namna hiyo asiambiwe kwamba yuafikiria tumbo. Ndipo akasema mama mmoja mkulima wa Shinyanga, ambaye muda wote alikuwa ameshika mfuko wa kitambaa mapajani.

BIBI MKULIMA: Nimewasikia wote. Mwalimu, hao wapagazi wako walipotoka kwao, ni nani aliyewafungia chakula? Hukumtaja. Na wewe mjukuu wangu, wasema wala chakula kisichopikwa. Hakuna chakula cha namna hiyo nyumbani kwangu. Mwezi wa Juni na Julai, viazi vitamu vikiisha kuchimbwa, mimi na wakwe zangu tunavichemsha na maganda yake katika chungu kikubwa kuliko vyote tulivyo navyo, chungu baada ya chungu, hata mikono inanuka viazi siku nzima. Vikipoa tunavimenya, tunavikata vipande virefu, vyembamba. Si vinene, maana kinene hukauka nje kikachacha ndani. Kisha twavianika juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba, nalo jabali latusaidia, kwani hushika joto la jua na kulitoa kwa chini hata jioni. Watoto wanafukuza kuku na mbuzi. Wingu likitanda sote twakimbia. Kila siku twavigeuza, mpaka kipande kiwe kigumu, cha rangi ya kahawia, ukikigonga kwenye jiwe kinalia. Hayo ndiyo matobolwa, na mtu akiyatia kinywani hayataki kitu kingine ila meno na subira, na utamu wake watoka kidogo kidogo. Ukiyahifadhi pakavu yatakufikisha hata mvua nyingine. Michembe ni mbali: hiyo hukatwa ikiwa mbichi, ikakaushwa, na mchukuzi asiyejua akiitia katika shanta badala ya matobolwa atalala njaa, kwa kuwa michembe yataka chungu.

MCHIMBAJI: Mayu, matobolwa nayajua. Nimekua nayo.

BIBI MKULIMA: Wayajua, na wayaonea haya. Ukitoka hapa nakufungia mfuko mzima. Ukifika Katoro waubadilisha na rafiki kwa biskuti, kwa sababu wenzako watasema umekuja na chakula cha njaa. Sasa mwasimama hapa mkibishana kuhusu moto. Moto wa safari yako niliuwasha mimi mwezi wa saba, kuni zake nilizibeba mimi kichwani, na moshi wake uliingia machoni mwangu. Basi usiseme kwamba chakula chako hakina kazi. Kina kazi, ila si yako.

Hili ndilo neno nililokuwa nikilingoja, na sitaki lipite kama nasaha ya bibi kwa mjukuu, kwani lina hesabu ndani yake. Wale wasemao kwamba msafiri asiye na jiko ameukwepa moto husahau kwamba moto umetangulizwa tu, ukawashwa mara moja, nyumbani, penye chungu kikubwa, badala ya kuwashwa mara mia porini chini ya sufuria mia ndogo ndogo. Katika mkoa kama Shinyanga tofauti hii si ndogo hata kidogo. Miti ya nchi hii ilifyekwa tangu zama za Waingereza, walipokuwa wakipigana na mbung'o chini ya idara ya Charles Swynnerton, iliyokuwa na makao yake hapo hapo Shinyanga. Ikafuata mashamba ya pamba, mifugo mingi na kuhamishiwa kwa watu vijijini katika miaka ya 1970, hata mkoa ukaanza kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kwa jina la HASHI, ambao busara yake kubwa ilikuwa kurudi kwa Wasukuma wenyewe na kuifufua ngitili, ile desturi ya kutenga malisho na miti yake isiguswe mpaka kiangazi. Na kutoka hekta zipatazo 600 zilizojulikana mwanzoni, ngitili zilifikia zaidi ya hekta 300,000 katika muda usiotimia miaka 20. Kazi hiyo ya watu yaweza kuliwa na mashoka ya rashi moja, kwa kuwa kambi changa hukata miti ya matimba kwanza, kisha ya kujengea, kisha ya kupikia, wala haiulizi mwenye ngitili ni nani. Serikali imeweka Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, ukikusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi mwisho wa muda huo, na hilo ni jambo jema. Ila katika mkakati huo sijaona mahali walipotajwa wanawake wanaopika kwa jua juu ya majabali, nao wametutangulia.

Asidhani msomaji kwamba shanta imekwisha kushinda. Aliyekuwa amenyamaza kuliko wote ni yule mwenye haki zaidi ya kusema kwa ukali.

BWANA AFYA: Nianze na muhogo, kwa sababu nawaona vijana wanang'oa shina lolote njiani na kutafuna mbichi, wakiita hicho chakula kisicho na jiko. Muhogo mtamu mtu aweza kuutafuna. Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi, nayo huondolewa kwa kulowekwa, kupondwa na kukaushwa kwa muda wa kutosha. Mwaka 1985 kule Tarime, wakati wa ukame, watu waliofupisha kazi hiyo kwa sababu ya njaa walipatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla wala haurudi nyuma. Msafiri hajui shina hili la nani na la namna gani. Asiliguse.

BIBI MKULIMA: Hayo ni kweli.

BWANA AFYA: Karanga nazisifu kwa dhati, gramu 100 zake zina kalori zisizopungua 550, na ni vichache vyakula vyepesi vya dukani vitakavyompa mchimbaji nguvu hiyo. Lakini karanga iliyohifadhiwa penye unyevu hufanya ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu, sumu ile ile iliyoua watu wa Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa njia ya mahindi. Kuikaanga hakuimalizi. Punje iliyonyauka, iliyobadilika rangi, au iliyo chungu ulimini, iteme. Matobolwa ya mama huyu ni mazuri, na akiyatengeneza kwa viazi lishe vya rangi ya chungwa yatakuwa na vitamini A, ingawa jua lenyewe na kukaa ghalani huipunguza kila mwezi upitao. Ubuyu, ambao miti yake twaiona hapa Shinyanga, utampa vitamini C bila kupikwa. Dagaa wakavu walioanikwa mchangani sitaki waliwe vivyo hivyo. Wakaangwe nyumbani kwanza, ndipo wafungwe. Lakini hayo yote ni madogo mbele ya jambo moja.

MCHIMBAJI: Maji?

BWANA AFYA: Mikono. Chakula cha mama ntilie huliwa mezani, na ndoo ya kunawa iko mlangoni. Mtu hukumbuka kunawa kwa sababu anaiona ndoo. Chakula cha mfukoni huliwa pale pale kazini, na mkono unaoingia mfukoni ndio uliokuwa ukikanda zebaki pamoja na mchanga wa dhahabu kwenye mwalo. Tanzania imeuridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili matumizi ya zebaki yapunguzwe, nawe wajua kama mimi kwamba zebaki bado ipo. Sumu hii haina harufu wala ladha ya kukuonya. Ukinishika leo nikuandikie masharti, nitaandika kwamba asiye na maji ya kunawa na sabuni asile chochote kwa mkono, kiwe cha moto au cha baridi.

MAMA NTILIE: Nilisema mimi!

MCHIMBAJI: Hukusema mikono, mama. Ulisema moto.

Na kijana alisema sawa. Moto huua vijidudu vilivyomo sufuriani, hauondoi zebaki iliyomo chini ya kucha. Wala mwenye kula wali wa moto kwa mkono uliotoka kwenye karai la kuoshea dhahabu hana usalama kumshinda mwenye kula matobolwa kwa mkono huo huo. Ndiyo maana naona kwamba watu wetu wamekuwa wakishitaki kitu kisicho na hatia. Shanta isiyo na jiko inafaa kwa njia na inafaa kwa duara. Mlo mmoja wa moto kwa siku, uulao ukiwa umekaa na wenzako kwenye sinia moja, una faida ambayo hakuna mfuko wa karanga uwezao kuileta, na kibanda cha mama ntilie kisiondolewe kambini kwa jina la wepesi. Kinachokosekana ni maji safi na sabuni kwenye mdomo wa duara na kwenye mwalo, na masurufu ya nyumbani kuchukua mahali pa biskuti na vile vinywaji vya sukari. Na vyote viwili, nikirudi pale tulipoanzia, viko katika mapatano ya mfadhili. Yeye ambaye hununua unga kwa gunia na dagaa kwa debe aweza vilevile kwenda vijijini mwezi wa Julai, matobolwa yanapoanuliwa, akayanunua kwa bei ya haki kutoka kwa walioyatengeneza, pamoja na karanga zilizochaguliwa, na kumpa kila mtu fungu lake kabla hajashuka. Gharama ya fungu la mtu mmoja haizidi ile ya kumtibu mmoja aliyezimia.

Niliposema hayo, yule mama aliufungua mfuko wake wa kitambaa, akampa kila aliyekuwapo kipande, hata Bwana Afya, ambaye kwanza alitoka kwenda kutafuta maji ya kunawa. Kisha akauliza swali moja.

BIBI MKULIMA: Na huyo mfadhili wenu, siku atakapokuja kuchukua magunia, atanipa fedha siku hiyo hiyo, au ataniandika katika daftari mpaka dhahabu itoke?

MAMA NTILIE: Siku hiyo hiyo, mama yangu. Usikubali vinginevyo. Mimi daftari nalijua.